Bei ya Siku ya Kwanza

Watu wawili walinunua mchezo mmoja. Wa kwanza alilipa dola 60 Desemba 2020, akaweka diski kwenye PlayStation 4 yake, akakutana na watu waliosimama wametanua mikono kama misalaba, magari yanayodondoka kutoka hewani, na mashine inayojizima katikati ya mapigano. Wa pili alilipa dola 60 zilezile Desemba 2023 kwa ajili ya PlayStation 5. Alipewa mchezo uleule, sasa umefanyiwa matengenezo kwa miaka mitatu, pamoja na nyongeza yake kubwa ambayo peke yake iliuzwa dola 30. Mchezo huo ni Cyberpunk 2077, kazi ya kampuni ya CD Projekt ya Warsaw, Poland.

Kwenye soko la samaki la Feri, anayewahi alfajiri ndiye anayepata samaki mwenye jicho linalong'aa. Anayefika saa nane mchana hupata bei ya kutupa, na samaki wa kunusa mara mbili kabla ya kulipa. Kwenye gemu mambo yamegeuka. Anayewahi hulipa bei kubwa kuliko wote, akakabidhiwa mzigo mbovu kuliko wote watakaomfuata. Bado kila mwaka watu wanapanga foleni, wengine wakilipia miezi kabla ya kuuona mchezo ukitembea.

Nilianza kupiga hesabu hizi kwa sababu ya mpwa wangu. Ana miaka 19, anafanya kazi kwenye duka la fotokopi Tabata, na alikuwa amedunduliza laki na nusu. Mashine yake ni PS4 ya mtumba. Alikuja Jumapili, akanisalimia shikamoo ya haraka, akakaa, akasema, "Mjomba, nisaidie. Ninunue gemu gani ambayo haitanizingua?"

Swali lake lilikuwa na historia. Mwaka uliotangulia alinunua diski kwenye duka moja mjini. Alipofika nyumbani mashine ikamwambia apakue kwanza faili kubwa kuliko bando lake la mwezi. Akaamua kucheza bila kupakua. Mchezo ukawa unaganda kila anapoingia eneo fulani, na hakuna namna ya kulipita. Akairudisha diski. Muuzaji akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema haina mkwaruzo, ni nzima, gemu likizingua ni juu ya walioitengeneza huko kwao. Kijana akaondoka na diski nzima yenye mchezo mgonjwa, na hakuwa na neno la kumjibu.

Kwa urahisi wa kichwa nitachukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania. Mchezo wa dola 60 ni laki na nusu, yaani akiba yote ya mpwa wangu. Tangu PS5 na Xbox mpya zitoke mwaka 2020, michezo mingi mikubwa imepanda hadi dola 70, ambayo ni 175,000. Mwaka 2025 Nintendo walitoa Mario Kart World kwa dola 80, laki mbili kamili. Anayetoa fedha kama hizo ana haki ya kutarajia kitu kinachofanya kazi siku anapokifungua. Sasa tuone kwa nini mara nyingi hakifanyi.

Kisa cha Cyberpunk kinastahili kukaliwa kwa sababu kila kosa ambalo mnunuzi anaweza kufanya limo ndani yake. Mchezo ulitangazwa mwaka 2012. Kampuni ilikuwa imejijengea jina kwa The Witcher 3 wa mwaka 2015, na watu waliiamini macho wameyafumba. Tarehe ya kutoka ilisogezwa kutoka Aprili 2020 hadi Septemba, kisha Novemba, kisha Desemba 10. Kila iliposogezwa, wanunuzi walijifariji kwamba wanapikiwa vizuri zaidi. Watu milioni 8 walilipia kabla. Novemba, mkuu wa kampuni aliwahakikishia wawekezaji kwamba kwenye mashine za zamani mchezo unakwenda vizuri kiasi cha kushangaza.

Lakini wachambuzi walipewa nakala ya kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe hadi siku ya kutoka. Aliyekuwa na PS4 au Xbox One alikuwa anasoma sifa za mchezo ambao si wake. Huku kwetu tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa hapa gunia lilifunguliwa pembeni kidogo na mbuzi mwingine akachungulia.

Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alitoa video ya kuomba radhi na kueleza kilichotokea. Mchezo ulitengenezwa upendeze kwenye kompyuta kwanza, kisha ukabanwa uingie kwenye mashine za zamani. Jiji lake limejaa majengo, magari na watu, na mashine haiwezi kubeba yote hayo kichwani kwa mara moja. Inabidi iyavute kutoka kwenye diski yake ya ndani kadiri mchezaji anavyosogea. PS4 ni mashine ya mwaka 2013, na diski yake ya kuzunguka haikuweza kwenda na mwendo huo. Ndiyo maana mtu alikuwa anaendesha gari huku barabara yenyewe bado iko njiani. Hilo halikuwa kosa la kurekebishwa kwa usiku mmoja. Lilikuwa limefinyangwa pamoja na mchezo tangu mwanzo.

Kasoro iliyonikera mimi kuliko zote haikuwa ile ya watu kutanua mikono, ambayo angalau inachekesha. Kwenye kompyuta, faili la kuhifadhi mchezo likizidi MB 8 lilikuwa linaharibika moja kwa moja. Faili hilo hukua kadiri unavyookota vitu na kutengeneza silaha. Yaani aliyeupenda mchezo, akaucheza kwa makumi ya saa na kukusanya kila kijiti, ndiye aliyepoteza kila kitu. Ushauri wa kwanza aliopewa ni kurudi kwenye faili la nyuma na kupunguza mizigo. Sasisho (kiraka) la kuondoa ukomo huo lilikuja kabla ya mwaka kwisha, lakini faili lililokwisha kuharibika halikufufuka. Hilo likumbuke, maana linarudi tutakapofika kwenye masharti ya kurudishiwa fedha.

Wiki moja baada ya kutoka, Sony waliuondoa mchezo kwenye duka lao la mtandaoni na kutangaza kwamba walioununua hapo watarudishiwa fedha zao. Uliporudi Juni 2021, ulirudi na onyo kwamba wenye PS4 bado wanaweza kupata shida. Kampuni nayo ilifungua utaratibu wake wa kurudisha fedha, na hesabu zake zilionyesha nakala kama 30,000 tu zilizopitia humo, kwa gharama ya dola milioni 2.2 hivi. Mwisho wa mwaka 2020 zilikuwa zimeuzwa nakala milioni 13.7. Wapo wengine waliorudishiwa na maduka, lakini hata hivyo ukiiweka 30,000 kando ya milioni 13.7 unaelewa kwa nini mchezo mbovu bado ni biashara. Watu hupiga kelele, halafu hubaki nao.

Basi subira inalipa? Kwa wengi, ndiyo. Septemba 2023 toleo la 2.0 lilitoka na kuubadilisha mchezo kwa kina. Lakini toleo hilo halikuletwa PS4 wala Xbox One. Matengenezo makubwa ya mashine hizo yaliishia mwaka 2022. Mwenye PS4 aliyelipa siku ya kwanza, akavumilia, akasubiri miaka mitatu akitegemea ahadi, aliambiwa anunue mashine nyingine. Mpwa wangu aliposikia hapo aliacha kutafuna. Nikamwambia swali la kuuliza dukani si kama gemu ni zuri, bali ni zuri kwenye mashine ipi, na nani kaijaribu kwenye hiyo mashine. Mchezo mpya unaotolewa kwa mashine mbili, ya zamani na ya sasa, mwenye ya zamani ndiye hupewa makombo.

Ukiiacha hiyo ya mashine kuukuu, hesabu ya kusubiri ni nzuri sana. Fallout 76 wa Bethesda ulitoka Novemba 14, 2018 kwa dola 60, ukiwa umejaa kasoro. Kabla ya mwezi kwisha maduka ya Marekani yalikuwa yanauza kwa dola 40 na chini ya hapo. Aliyewahi alipoteza shilingi 50,000 kwa siku zisizofika ishirini, na alizitumia siku hizo akipambana na mchezo unaojifunga. (Waliolipa dola 200 kupata toleo la kifahari waliahidiwa begi la turubai, wakaletewa la nailoni. Walipolalamika walipewa sarafu za ndani ya mchezo zenye thamani ya dola 5 hivi. Begi la turubai lilitolewa baadaye, baada ya aibu.) No Man's Sky wa Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, ulitoka Agosti 2016 ukiwa hauna mambo kadhaa ambayo watu waliamini wameahidiwa. Uliongezewa vitu mwaka baada ya mwaka, bure, na leo unasifiwa na walewale walioutukana. Aliyeununua miaka mitatu baadaye kwa bei ya punguzo hajui hata kulikuwa na ugomvi.

Kuna wanaosubiri na kugundua kwamba subira imewaokoa kabisa. The Day Before ulitoka Desemba 7, 2023 kwa dola 40. Siku nne baadaye watengenezaji wake, Fntastic, walitangaza kufunga ofisi. Januari seva zikazimwa. Walionunua walirudishiwa fedha, lakini wale waliosema ngoja mwisho wa wiki upite hawakuhitaji kujaza fomu yoyote.

Subira ina gharama zake pia. Mchezo wa kucheza na watu mtandaoni huwa na uhai wake mwanzoni, na ukichelewa mwaka unaingia kwenye uwanja mtupu. Michezo ya mpira ndiyo mfano unaotuhusu zaidi. Anayesubiri msimu uelekee ukingoni huipata kwa bei ya chini sana, ila anachezea kikosi ambacho nusu ya wachezaji wamehama. Kwa mtu anayecheza na jirani sebuleni, hilo si tatizo. Kwa anayetaka ligi ya mtandaoni, ni tatizo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanunuzi wetu hawalihesabu kabisa, ingawa mimi naliona kuwa sehemu ya bei: duka litafanya nini ukikuta mzigo ni mbovu. Hapa maduka hayafanani hata kidogo. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, tangu Juni 2015 linarudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza saa 2. Epic wana utaratibu wa aina hiyohiyo. GOG, ambalo wakati wa sakata la Cyberpunk lilikuwa mali ya CD Projekt wenyewe, linatoa siku 30 hata kama umeshapakua na kucheza. Xbox hutazama ombi ndani ya siku 14 mradi hujaucheza sana. PlayStation hutoa siku 14, lakini ukishaanza kupakua haki hiyo imekwisha, isipokuwa mchezo uwe na kasoro, na mwenye kuamua kama kasoro ipo ni wao. Kwa Nintendo, ukinunua mtandaoni umenunua.

Kwa hiyo dola 60 za GOG na dola 60 za PlayStation si fedha moja. Kwa GOG umelipia mchezo na mwezi mzima wa kubadili mawazo. Kwa PlayStation umelipia mchezo na bahati yako.

Saa 2 za Steam zinatosha kugundua mchezo unaotetemeka au usiofunguka. Hazitoshi kugundua kasoro ya saa ya thelathini. Yule wa faili la MB 8 alikuwa ameshavuka mpaka kitambo. Na michezo mikubwa ya siku hizi huanza na utangulizi mrefu, ambao ndio sehemu iliyong'arishwa kuliko zote. Ningekuwa mtu wa kuhisi vibaya ningesema hiyo si bahati.

Kisha kuna suala la anwani. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, kwa hiyo wachezaji wengi hapa hufungua akaunti kwa kutaja nchi nyingine na kununua kadi za nchi hiyo. Hufanya kazi vizuri hadi siku unapotaka kulalamika. Utamwambia nini mhudumu anapokuuliza unaishi wapi? Mwezi Mei 2024 jambo hili lilionekana wazi. Sony walitangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Watu walikuwa wameshaununua na kuucheza kwa miezi. Steam walianza kurudisha fedha hata kwa waliopitisha saa 2. Hasira ilikuwa kubwa hivi kwamba ndani ya siku chache Sony walilifuta agizo lenyewe. Mchezo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mahali mnunuzi anapoishi.

Diski inaepuka sehemu ya matatizo haya. Ni yako, unaweza kuiuza, kuikopesha, kuibadilishana na rafiki mtaa wa pili. Mchezo uliopakuliwa hauuziki, na kisheria mara nyingi umenunua ruhusa ya kuutumia tu. Jimbo la California lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayoyalazimisha maduka kumweleza mnunuzi hilo waziwazi. Ukinunua diski kwa laki na ukaimaliza na kuiuza kwa elfu sitini, mchezo umekugharimu elfu arobaini. Hakuna punguzo la mtandaoni linaloishinda hesabu hiyo kirahisi.

Lakini diski hubeba mchezo kama ulivyokuwa siku ulipochapwa. Viraka vyote vinakuja kwa intaneti. Zamani, kwenye kaseti za Nintendo na diski za PS2, mtengenezaji alijua akikosea amekosea milele, kwa hiyo alikagua kama anayekagua parachuti. Leo anajua atarekebisha baadaye, na gharama ya kurekebisha amekuhamishia wewe mwenye bando. Ukinunua GB moja kwa shilingi 1,000, kiraka cha GB 40 ni shilingi 40,000, na mchezo wa laki na nusu umefika 190,000 kabla hujashika padi. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani hawaiandiki gharama hii kwa sababu kwao waya umeshaingia ndani na bili ni ileile. Kwetu iandikwe kwenye karatasi ya kwanza. Kabla ya kulipia diski yoyote, ya dukani au ya mtumba, tafuta ukubwa wa masasisho yake na uujumlishe kwenye bei.

Mpwa wangu aliuliza kuhusu vya bure. Vya bure navyo hulipwa. Septemba 30, 2021 Konami walitoa eFootball 2022 badala ya PES tuliyoizoea, na hakuna aliyedaiwa hata senti kuupakua. Ulitoka na nyuso za wachezaji zilizopinda na mipira inayopita miguuni mwa watu. Kwa muda ukawa na alama mbovu kuliko mchezo wowote kwenye Steam. Konami waliomba radhi kesho yake, wakaja kuwarudishia fedha waliokuwa wamelipia kifurushi cha ziada, na toleo walilolihesabu kuwa la kweli, la 1.0, likafika Aprili 2022. Hakuna aliyepoteza laki na nusu. Walichopoteza ni GB walizopakua na nusu msimu. Vijiweni watu walirudi kwenye PES za zamani, ambazo mafundi wa mtaani huzivalisha jezi na vikosi vipya, na kwa kweli wengi hawakuwahi kuziacha.

Kuna njia ya usajili pia, unalipa kwa mwezi na kuchezea kabati zima la michezo. Uzuri wake ni kwamba ukikuta mchezo mbovu unaufunga na kufungua mwingine. Game Pass ya Microsoft ndiyo maarufu, lakini kifurushi chake kikubwa kilipanda kutoka dola 14.99 miaka michache iliyopita hadi dola 29.99 Oktoba 2025. Kwa bei hiyo, miezi miwili ni mchezo mzima. Inamfaa anayecheza kila siku na mwenye intaneti isiyopimwa. Mwenye bando aisahau, kwa sababu kila mchezo anaoujaribu ni makumi ya GB.

Mimi mshindani ninayempenda ni kibanda cha gemu. Sijui kwa nini hatukihesabu kama chaguo la mnunuzi. Ukilipa shilingi 1,000 kwa saa, laki na nusu ni saa 150. Michezo mingi ya hadithi inakwisha ndani ya saa 40. Ukikuta mchezo unaganda, unamwita mwenye kibanda, anakubadilishia, na hasara yako ni jero. Hakuna kujaza fomu, hakuna kuulizwa unaishi nchi gani. Na hata kwa anayetaka kununua, saa 3 za kibandani ni uchambuzi bora kuliko video yoyote, kwa kuwa unaujaribu kwenye mashine kama yako, mara nyingi ikiwa na vumbi kama yako.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, kwa sababu inasaidia pale tu mtu anapoitumia. Waaustralia waliitumia. Desemba 2016 mahakama yao iliitoza Valve, wenye Steam, faini ya dola milioni 3 za Australia kwa kuwaambia wateja kwamba hawana haki ya kurudishiwa fedha. Juni 2020 kampuni ya Sony ya Ulaya ikatozwa milioni 3.5 kwa kosa la namna hiyo. Mwaka 2019 wauzaji wa Fallout 76 huko walikubali kuwarudishia wateja waliokuwa wamenyimwa. Uingereza ina sheria ya mwaka 2015 inayosema wazi kwamba bidhaa ya kidijitali lazima iwe ya ubora wa kuridhisha na ifanane na ilivyoelezwa. Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, na kuna sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2012. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia. Misingi ipo. Ambacho hakipo ni mtu aliyesimama mbele ya kaunta na risiti mkononi akasema diski ni nzima lakini nilichouziwa si diski. Mpwa wangu hakuwa hata na risiti.

Sipingi kila mchezo usiokamilika. Larian, kampuni ya Ghent, Ubelgiji, walianza kuuza Baldur's Gate 3 Oktoba 2020 kwa dola 60 ukiwa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi. Waliandika hivyo juu ya bidhaa. Aliyelipa alijua analipia nyumba iliyofika kwenye lenta, na akipenda angoje paa. Ulipokamilika Agosti 2023 alipewa wote bila kuongeza senti. Kati ya huyu na mnunuzi wa Cyberpunk, wote walilipa fedha ileile kwa kitu kisichokamilika. Mmoja tu ndiye aliyeambiwa.

Tulimaliza hesabu saa mbili usiku. Kijana aliamua kuacha mpya. Kesho yake alikwenda kibandani akacheza saa mbili mchezo wa farasi na bastola wa mwaka 2018, mmoja wa ile mikubwa iliyotengenezwa kwa PS4 yenyewe, kisha akaitafuta diski yake ya mtumba mpaka akaipata. Alimwomba muuzaji aijaribu kwanza mbele yake, akaomba na risiti. Muuzaji alicheka, lakini aliandika. Elfu tisini zilibaki mfukoni.

Jumamosi alibisha hodi kwangu na begi mgongoni. Ndani mlikuwa na PS4, nyaya zake zote, na mkate wa kumhonga shangazi yake. "Mjomba," alisema, "viraka ni vizito kidogo. Naomba nilale hapa, niiache ikipakua kwenye waifai yako." Tukaiweka juu ya meza ya televisheni, tukazima taa. Saa tisa usiku umeme ukakatika. Asubuhi ulikuwa umerudi, naye alikuwa ameketi sakafuni mbele ya skrini na kikombe cha chai, akisoma namba: asilimia 61.